Nyumba ya Matofali Mabichi: Kuanzia Shimo la Udongo Hadi Lipu ya Mwisho

Maswali ninayoulizwa kuhusu nyumba za udongo hayabadiliki. Je, udongo wangu unafaa? Niweke saruji kiasi gani? Mbona matofali yangu yanapasuka? Mvua kubwa ikija haitaanguka? Nimejibu mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka majibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukifika kwenye hatua fulani ujue la kufanya kabla hujaharibu.

Nazungumzia nyumba isiyo na ghorofa, ya matofali mabichi, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa hewa na jua bila kuchomwa. Udongo mara nyingi upo palepale kiwanjani, kalibu, yaani fremu ya mbao ya kufyatulia, anaichonga seremala yeyote, na hakuna mti unaokatwa kulisha tanuri. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, kwa hiyo kila mfuko usioununua una maana kwa mazingira na kwa mkoba wako pia.

Na wasiwasi wa "itaanguka"? Mji wa Shibam kule Yemen una nyumba za matofali mabichi zenye ghorofa tano hadi saba, na nyingi zilijengwa kuanzia karne ya 16. Adui wa nyumba ya udongo ni maji, na karibu kila ushauri ulio hapa chini ni njia moja au nyingine ya kuyazuia yasiufikie ukuta, au ya kuyaachia njia ya kutoka yakishaingia.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Kiangazi kizima. Usianze kufyatua zikiwa zimebaki wiki tatu mvua zianze.
- Kibali cha ujenzi, kama sheria za mahali pako zinakitaka. Ulizia mapema pia kama nyumba ya udongo inaruhusiwa na kwa masharti gani.
- Udongo na mchanga, na maji ya kutosha karibu.
- Majani makavu, mabua au nyasi, zilizokatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10.
- Mawe ya msingi.
- Kalibu mbili au tatu za mbao laini iliyopigwa randa, zenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 14 kwa 10.
- Jembe, sururu, koleo, toroli, ndoo, chekeche, mwiko, uzi, timazi (uzi wenye kizito wa kupimia wima) na pimamaji.
- Nailoni nzito ya kufunikia matofali na ya kuzuia unyevu wa msingi.
- Mbao za linta (boriti za juu ya milango na madirisha), za mkanda wa juu ya kuta na za paa, na waya wa kufungia.

Kwa nini 30 kwa 14? Kwa sababu matofali mawili yakilala sambamba, na sentimita 2 za tope katikati, yanakupa ukuta wa sentimita 30 kamili. Ukuta wa namna hiyo unakula matofali 52 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba ya mita 6 kwa 3.6, yenye ukuta mmoja wa kugawa vyumba viwili na urefu wa mita 2.4 kwenda juu, itahitaji matofali yapatayo 2,500 ukihesabu na yatakayovunjika. Pembetatu za kuta chini ya paa hazimo katika hesabu hiyo. Watu watatu waliozoea wanaweza kufyatua 200 kwa siku. Wasiozoea, wapunguzie nusu.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako

Hapa usiwe na haraka. Nimeona watu wakifyatua matofali elfu moja kwa udongo ambao hawakuupima, kisha wakayatazama yote yakipasuka ndani ya wiki.

Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Huo ni mali ya bustani, urundike pembeni. Chimba hadi chini ya mizizi, mahali ambapo rangi imebadilika na udongo haunuki uozo. Chukua sampuli kutoka sehemu tatu au nne za kiwanja, kwa sababu udongo hubadilika hata ndani ya hatua ishirini.

Jaribio la chupa. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ijaze udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache saa 24 bila kuigusa. Mchanga utatua chini katika dakika ya kwanza, unga laini wa udongo utafuata, na mfinyanzi utakuwa wa mwisho juu kabisa. Pima kila tabaka kwa rula. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 30 ya kimo chote, uko pazuri.

Jaribio la kamba. Kanda udongo wenye unyevu kama unga wa mkate, uviringishe uwe kamba yenye unene wa sentimita 3, kisha uisukume taratibu nje ya ukingo wa meza mpaka ikatike. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ikining'inia zaidi ya sentimita 15, mfinyanzi umezidi. Ikikatika katikati ya vipimo hivyo, endelea.

Jaribio la tofali lenyewe. Hili ndilo la kuamini kuliko yote. Fyatua matofali manne ya udongo mtupu, manne yenye ndoo moja ya mchanga kwa ndoo tatu za udongo, na manne yenye mchanga nusu kwa nusu. Yaandike alama na uyaache yakauke kabisa kivulini. Mchanganyiko utakaotoa tofali lisilo na ufa mkubwa na lisilopukutika pembeni ndio wako, hata kama chupa ilikuambia vingine.

*Onyo:* udongo mweusi unaovimba ukilowa na kufunguka nyufa pana wakati wa kiangazi haufai kwa matofali, na ni hatari zaidi kuujengea juu. Ukiwa ndio uliopo chini ya kiwanja chako, muite mhandisi kabla hujachimba msingi.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Chagua palipoinuka kidogo. Mvua ikinyesha nenda ukaone maji yanakopita; dakika kumi za kusimama kwenye mvua zitakuepusha na hasara ya miaka. Shimo la udongo liwe upande wa chini wa mteremko, mbali na msingi, kwani likijaa maji litakuwa bwawa.

Elekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi.

Hatua ya 3: Kanda na fyatua

1. Chekecha udongo kuondoa mawe makubwa, changanya na mchanga kwa kipimo ulichokipata, kisha ulowanishe na uuache ulale usiku mzima. Usiku huo mmoja unalainisha madonge ambayo miguu yako ingehangaika nayo asubuhi nzima.
2. Mwaga majani makavu, ndoo moja kwa kila ndoo nne au tano za udongo, na ukanyage mpaka usione tena bonge wala fungu la majani lililojikusanya.
3. Pima unyevu. Tope liwe zito kiasi kwamba ukinyanyua kalibu tofali linasimama. Likitambaa na kutanuka chini, umezidisha maji.
4. Lowesha kalibu, tupia bonge la tope kwa nguvu moja, shindilia pembe kwa vidole, kata juu kwa ubao, nyanyua kalibu wima. Osha kalibu baada ya kila tofali.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza maji ili kazi iwe nyepesi. Kila tone la ziada litatoka tofali likikauka, na nafasi yake itakuwa ufa.

Kuhusu saruji: kwa matofali ya kukanyaga na kufyatua kwa kalibu ya mbao, siiweki. Saruji ina kazi yake pale unapotumia mashine ya kushindilia udongo wenye unyevu mdogo. Hapo huchanganywa asilimia 5 hadi 8, na matofali yanafunikwa na kumwagiliwa kwa wiki mbili au zaidi badala ya kuanikwa. Ni njia nzuri, lakini ni kazi nyingine. Usichanganye taratibu za hizo mbili.

Hatua ya 4: Kausha bila pupa

Uwanja wa kuanikia uwe tambarare na umenyunyiziwa mchanga ili matofali yasigande chini. Siku mbili au tatu za mwanzo yafunike kwa nyasi. Jua kali likilipiga tofali lenye maji, ngozi ya juu inakauka na kusinyaa huku ndani bado ni tope, na hapo ndipo linapopasuka.

Likishakuwa gumu kiasi cha kubebeka, lisimamishe kwa ubavu. Baada ya wiki moja yapange kwa mafungu yenye nafasi za hewa, ufunike juu tu kwa nailoni, pembeni pawe wazi. Muda wote ni wiki tatu hadi nne.

Kisha yapime. Chukua matofali matano bila kuchagua. Weka moja juu ya mengine mawili kama daraja na usimame katikati yake kwa dakika nzima. Lisivunjike. Vunja lingine kwa makusudi na utazame moyo wake: ukiwa na rangi ya giza kuliko kingo, bado kuna maji, rudisha yote kwenye kukauka.

Hatua ya 5: Msingi na kiti cha mawe

Matofali yakiendelea kukauka, jenga msingi. Chimba hadi udongo mgumu usiochimbuliwa kabla, angalau sentimita 50, na upana uzidi ukuta kwa sentimita 10 kila upande. Jaza mawe yaliyopangwa kwa kufungana, siyo kumwagwa, na uyaunge kwa chokaa na mchanga au saruji na mchanga. Hapa ndipo napoitumia saruji bila kusita kama ipo.

Inua mawe hayo hadi sentimita 40 juu ya ardhi, na 50 kama mvua za kwako ni nzito. Matone yanayodunda chini hurukia ukuta, na kimo hicho ndicho kinachoyapokea. Juu yake tandaza nailoni nzito upana wote wa ukuta, ili unyevu wa ardhini usipande. Penye mchwa wengi, weka ukanda wa bati uliokunjwa kidogo kwenda chini pande zote mbili: hauwaui mchwa, ila unawalazimisha kujenga njia zao nje, mahali unapoziona na kuzibomoa.

Hatua ya 6: Inua ukuta

Tope la kuungia liwe udongo uleule, uliochekechwa zaidi na wenye mchanga zaidi kidogo. Usiungie matofali mabichi kwa saruji: kiungo kitakuwa kigumu kuliko tofali, na ukuta ukijongea hata kidogo, tofali ndilo litakalokatika.

Anza na pembe nne, vuta uzi, fuata kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa matofali baada ya mwingine. Lowesha kidogo uso wa tofali kabla ya kulilaza, maana tofali kavu hunyonya maji ya tope na kiungo kisishike. Viungo vya wima visikutane hata mara moja kwenye kozi mbili zinazofuatana. Pitisha matofali yanayolala kukingama upana wa ukuta ili nyuso mbili zishikane. Tumia timazi kila kozi ya tatu. Simama ukifikisha kozi nane kwa siku, karibu mita moja, usubiri kesho. Tope la chini likiwa bichi haliwezi kubeba zaidi bila kupinda.

Vipimo ambavyo sivibishanii:

- Urefu wa ukuta kwenda juu usizidi mara 8 ya unene wake. Kwa sentimita 30, ni mita 2.4.
- Ukuta usiende zaidi ya mara 10 ya unene, hapa mita 3, bila kukutana na ukuta mwingine au nguzo ya kuuegemeza iliyojengwa pamoja nao.
- Jumla ya upana wa milango na madirisha isizidi theluthi ya urefu wa ukuta, na kutoka kona hadi tundu la kwanza pabaki mita moja.
- Linta iingie ukutani sentimita 40 kila upande.

Juu kabisa zungusha mkanda wa mbao, mfano wa ngazi iliyolazwa, uliofungwa imara kwenye pembe zote. Mkanda huu unazifunga kuta nne ziwe kitu kimoja na kugawanya uzito wa paa. Kozi nne au tano kabla ya kufika juu, pitisha waya mnene chini ya tofali kila baada ya mita moja na uache ncha zake zikining'inia. Ndizo zitakazolishika paa upepo ukija.

*Onyo kwa wanaoishi kwenye ukanda wa matetemeko:* mwongozo huu hautoshi kwako. Tetemeko lililopiga mji wa Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003 liliua watu wapatao 26,000, na sehemu kubwa ya mji huo ilikuwa ya matofali mabichi. Kuta za udongo zinaweza kuimarishwa kwa nondo za mianzi, nyavu na mikanda ya ziada, lakini hilo linahitaji mchoro wa mhandisi.

Hatua ya 7: Paa

Upenu mrefu unafanya kazi kubwa kuliko lipu yoyote. Toa sentimita 60 pande zote, na 90 upande unaopigwa na mvua ya upepo. Funga kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwenye mkanda, na mkanda kwenye zile waya.

Nyasi na makuti ni baridi lakini yanahitaji mteremko mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yasikae. Ukitumia bati, usiliache lichome chumba. Mbunifu wa majengo Diébédo Francis Kéré alipojenga shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, alilinyanyua bati juu ya dari ya matofali ya udongo ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo kwa dari ya mianzi iliyokandikwa udongo na matundu ya hewa pande mbili chini ya bati.

Neno kwa wanaoishi kwenye joto lenye unyevu, ambako usiku haupoi: ukuta mnene wa udongo unalihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Penye usiku wa baridi hiyo ni neema. Kwako wewe, fanya madirisha yatazamane ili upepo ukate chumba.

Hatua ya 8: Lipu

Subiri mwezi mmoja hadi mitatu baada ya paa kukamilika. Ukuta unashuka kidogo ukikauka, na lipu ya mapema itapasuka nao. Paa likiwepo, hakuna cha kukukimbiza.

Kwaruza ukuta, ulowanishe, piga koti la kwanza la udongo, mchanga na majani marefu kiasi, unene wa sentimita 2. Liache likauke na kupasuka linavyotaka. Koti la pili ni jembamba, la udongo uliochekechwa na mchanga laini; wengi huongeza samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake hushika vizuri. Jaribu uwiano tatu au nne tofauti kwenye kipande cha ukuta cha mita moja kabla ya kupiga nyumba nzima. Malizia nje kwa tabaka tatu nyepesi za chokaa iliyoyeyushwa.

*Onyo:* chokaa mbichi inachemka ikikutana na maji na inaweza kukupofusha. Vaa miwani na glavu, na siku zote tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa.

Najua wengi wenu mnatamani lipu ya saruji kwa sababu nyumba inaonekana "ya kudumu". Naomba mniamini hapa. Saruji haishikani na udongo, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia na hayapati pa kutokea, na ukuta unageuka tope nyuma ya ganda zuri. Unakuja kujua siku kipande kizima kinapodondoka. Lipu ya udongo inakuonyesha jeraha likiwa bado dogo.

Ukipata tatizo

*Matofali yanapasuka katikati.* Mfinyanzi umezidi, au yamepigwa jua mapema. Ongeza mchanga na majani, funika siku za mwanzo. Yaliyopasuka yavunje, yaloweshe, yafyatue upya, udongo haupotei.

*Matofali yanapukutika ukiyapangusa.* Mchanga umezidi, au hayakushindiliwa. Changanyia udongo wenye mfinyanzi zaidi.

*Mvua imenyesha juu ya matofali yaliyopangwa.* Ya juu yaliyoyeyuka rudisha kwenye tope. Mengine yatenganishe yakauke tena, kisha rudia jaribio la kusimama juu yake kabla ya kuyatumia.

*Ukuta unaliwa chini, karibu na mawe.* Angalia kama kuna unga mweupe wa chumvi. Ukiwepo, maji yanapanda kutoka ardhini: chimba mfereji mita moja na nusu kutoka ukutani na uhakikishe ardhi inateremka kuelekea huko. Usizibe kwa saruji, maji yatapanda juu zaidi.

*Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha.* Chora alama ya kalamu mwisho wa ufa na uandike tarehe. Usiposogea baada ya miezi miwili, uloweshe na uujaze tope lenye majani. Ukisogea, msingi unashuka au linta ni fupi, na lipu haitatibu hilo.

*Njia za mchwa zimepanda kwenye mawe.* Zibomoe, ufuate zinakotoka, na ondoa kuni na mabua yote yanayogusa nyumba.

*Lipu imeng'oka sehemu ndogo baada ya mvua za kwanza.* Hilo ni la kawaida. Weka ndoo ya udongo ule ule uliobaki, mkavu na uliochekechwa, mahali unapopajua, na uzunguke nyumba kila mvua zinapokwisha. Lowesha kingo za jeraha, bandika, sugua kwa kiganja. Kwenye msikiti mkuu wa Djenné, Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, wenyeji hukutana kila mwaka kuupaka udongo upya. Nyumba yako ya vyumba viwili ni kazi ya asubuhi moja.